Sabuni Haina Kilima

Watu huandika kumbukumbu za maisha wakiwa na mvi, wamestaafu, wana wajukuu wa kuwachosha kwa hadithi. Mimi nina chunusi, na mtihani wa kidato cha nne unaningoja mwisho wa mwaka. Lakini likizo hii ya Agosti Anti Ndunge alinipeleka Ikutha, kwa rafiki yake Mama Syombua, na nilipotoka kuoga katika bafu lake la mabati nikaona kitu nyuma ya bafu hilo kilichonirudisha kidato cha pili ghafla hivi kwamba nilisimama pale nje nimejifunga leso, povu bado sikioni, mpaka kuku wakakusanyika kunitazama. Kitu hicho nitakifikia. Kwanza niseme ule mwaka, kwa sababu bila ule mwaka mtadhani nilikuwa nashangaa mboga.

Mwaka huo nilikaa kwa Anti, Kalamba. Nani alimzaa nani, na kwa nini niliondolewa nyumbani nikapelekwa kwake, tuyaache. Mimi na mama yangu tunayasimulia tofauti. Anti aliuza nafaka, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, yaani duka lilikuwa limemfuata mpaka kitandani. Mimi nililala stoo, kati ya magunia ya ndengu na magunia ya kunde, katika harufu ya vumbi na katani ambayo bado naisikia nikivaa sweta la shule. Ukuta kati ya stoo na sebule haukufika kwenye paa. Fundi aliishiwa na matofali, akasema hewa nayo inahitaji njia. Basi njia ya hewa ikawa njia ya maneno: akina mama wa kikundi walipokutana sebuleni, mimi nililala juu ya magunia nikawasikiliza kama redio isiyo na kitufe cha kuzima. Chakula chetu hakikuwa na siri. Jumatatu muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Jumanne muthokoi iliyobaki, Jumatano isyo, ambayo ni mahindi yaleyale na maharagwe yaleyale ila safari hii mahindi hayajavuliwa koti. Nilipolalamika, Anti aliniongeza.

Kuongeza ndiyo iliyokuwa tabia yake, na hapa mnisikilize vizuri. Anti hakupima kitu bila kilima. Mteja akitaka gorogoro ya ndengu, Anti alijaza mkebe mpaka mdomoni, halafu akachota kwa mikono miwili akaweka juu, akachota tena, mpaka punje zikaanza kuteleza pembeni. Hapo ndipo mkebe ulihesabiwa umejaa. Muuzaji anayepitisha mkono juu ya mkebe kuusawazisha, pale Kalamba, ni mtu anayejiandaa kuhama. Sukari ya chai Anti aliipima na kilima. Chakula changu pia. Hata maombi ya kabla ya kula alisema amina, halafu akaongeza kidogo.

Kisa kilianza nikiwa pale juu ya magunia. Mwaka uliotangulia, akina mama wa kanisa letu walikwenda kuwatembelea wenzao wa Ikutha, ng'ambo ya mto, na kila mmoja akarudi na kiondo kipya. Sasa Ikutha walikuwa wanakuja kwetu. Mama Kioko, mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili, alitaka wageni wapewe leso.

"Leso kila mtu ako nayo," nikamsikia Anti akisema. "Wametupa kitu ya mkono. Sisi pia tuwape kitu ya mkono."

"Kama nini?"

Kikombe kikawekwa kwenye sahani.

"Sabuni," Anti akasema.

Nilidhani ni mimi peke yangu ninayefanya mzaha katika nyumba ile. Lakini Jumapili iliyofuata Anti alisimama kanisani, wakati wa matangazo, akasema kwamba kila mgeni kutoka Ikutha, kila mmoja, ataondoka na sabuni iliyotengenezwa kwa mikono ya akina mama wa Kalamba. Mchungaji akasema amina. Neno likishapata amina hulirudishi. Na elimu yote ya Anti kuhusu sabuni ilikuwa mafunzo ya alasiri moja aliyohudhuria mjini Wote, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe yalifanyika baada ya chakula kizito.

Sabuni yenyewe, niwaambie, si ya kupikwa. Inatoka Nairobi ikiwa tayari, kipande kikubwa kinachopitisha mwanga kama barafu. Unakikatakata, unakiyeyusha katika sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, unatia rangi na manukato, unamimina kwenye kalibu, yaani chombo chochote chenye umbo unalotaka, unasubiri igande. Mtoto anaweza. Pagumu ni mahali pamoja tu: lazima ujue kalibu yako inameza sabuni kiasi gani. Ukiyeyusha kidogo, inaishia njiani. Na sabuni ya Nairobi ilikuja kwa gari la vifurushi kwa kuagizwa, kwa hiyo ukikosea hesabu Kalamba, kosa lako unalipokea siku ambayo huwezi kulirekebisha.

Anti alikuwa amepewa kipande cha kujaribia kule Wote. Tukakaa sebuleni, yeye, Mama Kioko na mimi, tukizunguka kibakuli cha plastiki kipana na kifupi, cha kubebea chapati.

"Jaza maji, Anti," nikasema, "halafu tupime hayo maji. Mwalimu wa fizikia anasema sabuni na maji uzito wao unakaribiana."

"Maji gani?"

Lilikuwa swali zuri. Mvua ilikuwa imetupita, na tangi letu ukiligonga lilijibu kama ngoma.

"Si tutayarudisha kwa mtungi."

"Yarudi na harufu ya plastiki, ninywe chai ya kibakuli? Wewe lete ndengu. Ndengu ziko."

Nikaleta. Anti akajaza kibakuli kwa ndengu, na mkono wake, bila kumuuliza mtu, ukaweka kilima juu. Akamwaga zote, na kilima chake, upande mmoja wa mizani ya duka. Upande wa pili akakata sabuni mpaka mizani ikalingana. Akayeyusha, akamimina. Sabuni ikapanda, ikapanda, ikafika mdomo wa kibakuli, ikasimama. Hakuna tone lililomwagika, hakuna nafasi iliyobaki. Anti akakitazama kibakuli kama mtu aliyejibiwa maombi.

"Ndengu na sabuni ni ukoo mmoja," akatangaza.

Mimi nilirudi kwenye magunia yangu nikiwa sina amani. Kati ya punje na punje kuna hewa. Chombo kilichojaa ndengu hakiwezi kuwa na uzito wa chombo kilichojaa sabuni, ambayo haina mahali pa kuficha hewa. Sabuni ilipaswa kupungua. Nilitazama dari muda mrefu, nikala muthokoi nikifikiri, jambo ambalo Anti alilichukulia kama ugonjwa. Ndipo nikaona: ni kilima. Kibakuli kilikuwa kipana kama mwalimu wetu wa dini, kwa hiyo kilima chake kilikuwa kikubwa, na kilima kililipa deni la ile hewa. Makosa mawili yalikuwa yamekutana njiani, yakasalimiana, yakatoa jibu sahihi.

Yangeweza kuishia hapo. Lakini Anti hakutaka sabuni za pembe nne kama za dukani. Alitaka za mviringo. Akapata kwa fundi wa maji mabomba manne ya plastiki, marefu kama mkono wa mtu mzima, upana wa kikombe cha chai. Unaziba chini kwa karatasi ya nailoni na mpira, unamimina, ikiganda unaisukuma itoke, unaikata vipande kama ndizi. Mabomba manne yangempa kila mgeni kipande kinene, na vichache vya akiba. Akasimamisha bomba la kwanza, akalijaza ndengu, na juu akaweka kilima. Kilima cha bomba. Kilikaa pale juu kama kofia ya mtoto mchanga.

Akina mama wa kikundi walikuwepo siku hiyo, sebule nzima. Nikasimama mlangoni.

"Anti, hesabu hii itakuangusha. Sabuni haina kilima."

Wakacheka. Mama Kioko alicheka mpaka akajifuta macho. Nikajaribu tena, nikaeleza habari ya hewa kati ya punje, na kila nilipoeleza wakazidi kucheka, kwa sababu muhula huo huo nilikuwa nimeigiza kikohozi cha mchungaji mbele ya watu walewale, na kabla ya hapo nilikuwa nimewaambia kwamba serikali itaanza kusajili kuku. Walidhani huu ni mzaha wa tatu.

"Keti chini, redio," Mama Kioko akasema. "Anti yako amepima watu nafaka tangu hujazaliwa."

Jioni, kupitia njia ya hewa, nikamsikia akimwambia Anti, kwa upole kabisa, "Huyo msichana siku akisema nyumba inaungua, sisi tutapiga makofi." Anti hakunitetea. Alisema tu, "Ni mtoto," na chai ikaendelea. Nimetukanwa vizuri zaidi ya hapo na walimu waliosomea kazi hiyo, lakini yale maneno yalikaa. Ni jambo la ajabu kugundua, ukiwa kidato cha pili, kwamba una kitu cha kweli mdomoni na mdomo wenyewe haukopesheki.

Anti akapiga simu Nairobi, akaagiza sabuni ya uzito ule ule wa ndengu za bomba, mara nne.

Kifurushi kilifika Ijumaa; wageni walikuwa wa Jumamosi. Nilipotoka shule nilikuta mabomba manne yamesimama kwenye karai yameegemea ukuta, sufuria kubwa ya sherehe iko motoni, na nyumba nzima inanukia waridi mpaka ndengu za stoo zilinukia harusi. Anti akamimina la kwanza, likajaa. La pili likajaa. Akaanza kuimba pambio. La tatu likajaa, karibu. Akainamisha sufuria kwa la nne, na sufuria ikatoa utepe mwembamba, halafu tone, halafu sauti ya mwiko ukikwaruza chuma.

Pambio likakoma. Bomba la nne lilibaki wazi, likitutazama kwa jicho moja.

"Imevuja," Mama Kioko akasema, akainua mabomba kutafuta pa kuvuja. Hapakuwa na pa kuvuja. Akaketi. "Basi tukate nyembamba."

Anti akachukua kisu na ile sabuni ya majaribio, akakata kipande chembamba, akakiinua. Kikajikunja kama ulimi.

"Ikutha walitupa kiondo," akasema polepole. "Mimi niwape kitu ya kuweka ndani ya Biblia wajue wamefika wapi kusoma?"

"Wengine wapewe, wengine waelezwe."

"Nilisema kila mmoja. Nilisema mbele ya kanisa." Halafu Anti Ndunge, mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi kwa sufuria, akaketi juu ya debe, akafunika uso kwa aproni. Mabega yake hayakusogea. Afadhali yangesogea.

Nilikuwa nimesubiri wakati huo tangu siku ya kilima. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi juu ya magunia, na ilikuwa na kikohozi cha mchungaji ndani yake. Nikafungua mdomo, nikaona ile aproni, na kilichotoka ni kitu kingine.

"Anti, ndengu ndizo zimekudanganya. Ndengu zikulipe."

Nikasogea karibu na debe.

"Bomba likipungukiwa, ukitumbukiza ndengu ndani, sabuni si itapanda? Kama mtu mnene akiingia kwa karai ya kuoga."

Mama Kioko alinigeukia, na nikaona kicheko kikianza kumpanda kooni kwa mazoea. Halafu kikasita. Akaitazama sabuni, ile safi inayopitisha mwanga, akatazama mlango wa stoo.

"Ndengu ndani ya sabuni," akasema.

"Zitaonekana. Kijani kijani. Na zitasugua miguu."

Aproni ikashuka. "Lete gunia," Anti akasema.

Tukarudisha sabuni yote kwenye sufuria, tukaipasha, tukaigawa tena katika mabomba yote manne, kila moja likafika robo tatu. La kwanza tukalitumbukizia ndengu papo hapo, na sabuni ikapanda mpaka mdomoni kama nilivyosema, na ndengu zikashuka zote mpaka chini kama wanafunzi waliosikia kengele. Tukajifunza. Yale matatu tukasubiri yapoe, mpaka Anti alipotia kidole na kukiacha humo, mpaka sabuni ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Ndipo tukatia ndengu kwa viganja, tukikoroga kwa ufito, na punje zikabaki pale zilipotua. Mama Kioko ndiye aliyeshika ufito, na alikoroga kwa makini ya mtu anayebatiza.

Asubuhi tukazisukuma nje, tukakata. Niseme ukweli, zilikuwa nzuri. Ukiinua kipande dhidi ya dirisha, mwanga ulipita na ndengu zikaelea ndani yake kama shanga zilizosimamishwa angani. Isipokuwa lile bomba la kwanza: nusu yake ya juu haikuwa na hata punje moja, na nusu ya chini ilikuwa kashata. Vile vya kashata tuliweka upande wa akina mama wa Kalamba wenyewe, na Mama Kioko alichukua kimoja bila kunung'unika.

Wageni wakaja, wakaimba, wakala mbuzi, na baada ya hotuba Anti akasimama na sinia. Kila mgeni akapata chake. Kila mmoja. Mama Syombua, aliyewaongoza, mrefu, mwenye macho ya kukagua mchele, alikinusa kipande chake, akakiinua juani, akauliza hizi ni nini.

"Ni ndengu," Anti akasema, akiwa amenyooka kama mlingoti. "Tumeziweka makusudi. Kwa ajili ya kusugua ngozi. Ni ujuzi."

Nilikuwa nyuma ya sufuria za chai. Mama Kioko akanitazama kwa pembe ya jicho, akisubiri redio iwake. Sikuwaka. Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari, kimoja kizuri mno, na nikavimeza vyote na chai, kwa sababu uso wa Anti pale mbele ulikuwa umerudi mahali pake. Wiki iliyofuata alijaza bomba moja maji, akayapima, akayamimina kwenye birika, akawasha moto. Tulikunywa chai yenye ladha ya bomba, na hakuna aliyeiita kwa jina. Mimi mwisho wa mwaka nikarudishwa nyumbani, na habari ya nani aliwaza nini haikuzungumzwa tena.

Ndiyo maana Agosti hii nilisimama nyuma ya bafu la Mama Syombua na povu sikioni. Pale maji ya kuogea yanapotokea, katika udongo pekee wenye unyevu boma zima, kulikuwa na ndengu. Si mche mmoja. Mstari mzima, umepaliliwa, umewekewa miti ya kuzuia mbuzi, maganda yake meusi yameiva. Pande zote zilizobaki ardhi ilikuwa na rangi ya gunia.

"Umeona shamba lenu?" Mama Syombua akasema nyuma yangu. "Nilioga na ile sabuni. Kila nikisugua, punje inatoka, inaenda na maji. Nikafikiri zimekufa. Wiki moja, mbili, naona majani. Nimezivuna, nimezirudisha chini, nimezivuna tena. Mvua ikikataa, mimi naoga."

Mchana tulikula ndengu hizo na chapati. Anti alinusa kijiko kwanza, akitafuta waridi. Halafu akala sahani mbili, akimweleza Mama Syombua jinsi alivyochagua mbegu za kuweka kwenye sabuni, na mimi nikala nikitazama sahani yangu, kama nilivyojifunza.

Tulipokuwa tunaondoka Mama Syombua akaleta mkebe wa gorogoro, akaujaza ndengu za bafuni, ampe Anti za kwenda nazo. Ulipofika mdomoni akapitisha mkono juu, akausawazisha, akaanza kufungua mfuko.

Anti akautazama mkebe. "Na kilima?"

"Sabuni haina kilima," nikasema. Ilinitoka tu, chinichini, kama kikohozi.

Mama Syombua akauliza nimesema nini. Anti alikunja leso yake, akaikunjua. Halafu akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka akashika mlango.

"Huyu," akasema, akinionyesha kwa kidole. "Huyu alituambia kabla ile sabuni haijafika, na tukacheka. Halafu ilipotushinda, yeye ndiye alisema tutie ndengu. Haikuwa ujuzi. Sabuni ilitupungukia. Ilikuwa ni Mumbua."

Mama Syombua alinitazama kwa yale macho ya kukagua mchele, kutoka kichwani mpaka viatuni na kurudi. Akaacha mfuko. Akaingiza mikono miwili kwenye gunia, akachota, akaweka juu ya mkebe, akachota tena, mpaka punje zikaanza kuteleza pembeni na kuku wakaja mbio.

"Basi hicho kilima," akasema, "ni chake."